Sura ya 5: Siku Tatu za Kwanza

Nilikulia Moshi. Asubuhi za Januari, kabla mawingu hayajapanda, Kibo ilionekana yote tukiwa njiani kwenda shule, na theluji yake tuliijua kama unavyomjua jirani wa ng'ambo ya mto: unamwona kila siku, hujawahi kumpa mkono. Niliigusa theluji kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 31, mbali kabisa na Kilimanjaro, nikiwa nimelala ubavu kwenye mteremko mkali wa Alps, goti linauma, skii moja imechomoka mguuni na kubaki mita kumi juu yangu.

Makosa yaliyonilaza pale nilikuwa nimeyafanya miezi mitatu nyuma, nyumbani, mezani. Nilichagua eneo kwa ukubwa wake, kwa kuwa lilijisifu kuwa na mamia ya kilomita za njia. Nililipia pasi ya lifti ya wiki nzima kabla sijajua kama nitaweza hata kusimama. Mwalimu sikuweka, maana rafiki aliyenialika aliahidi kunifundisha mwenyewe. Na buti nilizokodi zilikuwa kubwa kwa saizi nzima. Nilizichukua kwa sababu hazikunibana, na kijana wa dukani hakuniambia kwamba zilipaswa kubana. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa chumbani, barafu juu ya goti, nikiwatazama wenzangu dirishani.

Tangu wiki ile, kila ndugu au rafiki anaponiomba nimsaidie kupanga likizo ya theluji, ninamuuliza kwanza: siku zako tatu za kwanza zitakuwaje? Mtu mzima asiyewahi kuteleza huhitaji kiasi hicho kujifunza kusimama, kukata kona na kupanda lifti bila hofu. Zikienda vizuri, wiki imepona. Zikiharibika, hakuna hoteli wala mandhari itakayomrudisha mlimani siku ya nne. Kwa hiyo mahali, mwezi, chumba, fedha na mavazi, vyote navipanga kwa kuzitazama siku hizo tatu.

Mama mdogo aliponisikia napanga safari ya pili alinipigia simu. "Mwanangu, theluji si tunayo hapa? Unaifuata ya nini huko?" Swali lake lina uzito, na lina historia. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kuteremka wakiwa na skii miguuni. Mto mmoja wa barafu kule kileleni unaitwa kwa jina la Furtwängler hadi leo, ingawa umebaki kipande. Lakini nilimweleza mama kwamba anayeanza haendi kutafuta theluji tu. Anatafuta theluji iliyosawazishwa usiku kwa mashine, mteremko mpole wenye mwisho tambarare, lifti ya kumrudisha juu, mwalimu, na daktari aliye karibu. Kibo haina hata kimoja kati ya hivyo, na kwa mita 5,895 kazi ya kupumua peke yake inatosha.

Kabla ya kuchagua mlima, chagua utateleza kwa nini. Skii ni mbili, kila mguu na yake, na unatazama mbele kama unavyotembea. Ubao, yaani snoubodi, ni mmoja. Miguu yote imefungwa juu yake na unasafiri ubavu. Kwa skii, siku ya kwanza unaweza kuteleza kidogo na kusimama, kisha safari ya kuwa hodari ni ndefu. Kwa ubao, siku mbili za kwanza ni za kukaa chini na kuinuka, kukaa chini na kuinuka. Anayezivumilia huenda mbele haraka. Majeraha nayo hutofautiana. Skii hutafuta goti. Ubao hutafuta kifundo cha mkono, kwa sababu anayeanguka hujikinga kwa viganja, na ndiyo maana vikinga vya mikono si pambo.

Ubao ni kijana kwa skii. Siku ya Krismasi mwaka 1965, huko Muskegon, Michigan, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili ili binti zake watelezee wakiwa wamesimama. Mkewe akakipa chombo hicho jina la Snurfer. Mwaka 1977 Jake Burton Carpenter akaanza kutengeneza mbao zake Vermont. Kwa miaka mingi milima iliwafungia wenye ubao, na hadi leo yapo maeneo matatu Marekani, Alta, Deer Valley na Mad River Glen, yasiyowaruhusu. Michezo ya Olimpiki iliupokea mwaka 1998, Nagano. Ushauri wangu hauna mzunguko: mwenye zaidi ya miaka 30 aanze na skii, kijana aliyezoea kuteleza mawimbini au kwenye ubao wa magurudumu achukue ubao. Ukiamua ubao, utaulizwa mguu gani unatangulia. Kumbuka tu ulivyokuwa ukiteleza kwenye tope la masika ulipokuwa mtoto. Mguu uliotangulia ndio huo.

Sasa mahali. Wengi wetu tunadhani kijiji cha theluji lazima kiwe juu sana. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Zermatt, chini ya Matterhorn, iko kama mita 1,600. Chamonix, ilikofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924, iko mita 1,035. Zell am See iko mita 757 tu. Mkazi wa Nairobi anapika ugali katika hewa nyepesi kuliko anayolala nayo mgeni wa Zermatt. Baridi ya Alps inaletwa na umbali wao kutoka Ikweta, nyuzi 46 na 47 kaskazini, na kisha urefu unaongeza: kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama utapata theluji au mvua. Milima ya Alps imepata joto la kama nyuzi 2 zaidi tangu mwisho wa karne ya 19, karibu mara mbili ya wastani wa dunia, na vijiji vya chini vinaiona tofauti. Bolivia kulikuwa na Chacaltaya, eneo la skii lililokuwa juu ya mita 5,000, lililojivunia kuwa juu kuliko yote duniani. Mwaka 2009 mto wake wa barafu uliisha kabisa. Sisi tuliokulia chini ya Kibo tunaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Kwa mpangaji, maana yake ni kuuliza urefu wa mahali pawili: unapolala, na uliko mteremko wa wanaoanza. Tovuti na vipeperushi hupenda kukutajia kilele. Kilele si chako wiki hii.

Mahali ninapowapeleka watu wangu ni Zell am See na Kaprun, jimbo la Salzburg, Austria. Nina sababu zangu. Zell ni mji halisi kando ya ziwa, una stesheni ya treni katikati, na kutoka Salzburg ni kama saa moja na nusu kwa reli. Kilomita chache pembeni kipo Kaprun, na juu yake Kitzsteinhorn, eneo la kwanza la skii kwenye mto wa barafu nchini Austria, lililofunguliwa mwaka 1965. Kituo chake cha juu kiko mita 3,029. Mvua ikinyesha kijijini, kule kunaanguka theluji. Kaprun pia kuna Maiskogel, mlima mpole wa familia, na tangu 2019 gondola zimeunganisha kijiji na mto wa barafu. Halafu liko jambo ambalo vitabu vya Kizungu havina haja ya kulitaja: wageni kutoka nchi za Ghuba wamekuwa wakienda Zell kwa miaka mingi, kwa hiyo chakula halali hakitafutwi kwa tochi. Kwa familia ya Mombasa, Zanzibar au Muscat, hilo ni pumziko kubwa.

Maeneo makubwa yapo, na utayafikia. Les Trois Vallées ya Ufaransa ina njia za kilomita 600, na Val Thorens iliyomo humo, kwenye mita 2,300, ndiyo kituo cha skii kilicho juu kuliko vyote Ulaya. Ila anayeanza hutumia kilomita mbili tatu kwa wiki nzima, tena zilezile. Kulipia 600 ni kununua shamba zima kwa ajili ya kuchuma kisahani cha mchicha.

Ramani za milima hutumia rangi. Austria: bluu rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu. Ufaransa huongeza kijani chini ya bluu. Marekani na Kanada hutumia maumbo pia: duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi. Usilinganishe rangi za mlima mmoja na za mwingine, maana bluu ya huku yaweza kukutisha kuliko nyekundu ya kule. Na uangalie kama njia ya bluu inafika hadi chini. Yapo maeneo ambako njia pekee ya kurudi kijijini ni nyekundu, na mwanafunzi analazimika kushuka kwa gondola. Si aibu kushuka kwa gondola, ila ni vizuri ujue mapema.

Tarehe zinahitaji kalenda tatu mezani. Ya kwanza ni ya bei. Msimu wa Alps ni Desemba hadi Aprili. Krismasi na Mwaka Mpya ni ghali. Februari ni ghali kwa sababu shule za Ulaya zinafungwa, na Ufaransa huzigawa likizo zake kwa kanda tatu, hivyo msongamano unachukua takriban mwezi mzima. Wiki za Januari baada ya tarehe 6 ni nafuu, lakini siku ni fupi na baridi ni kali. Mimi naipenda Machi: jua lipo, mchana ni mrefu, theluji ya juu bado nzuri, na mtu wa pwani anaweza kukaa nje akila chakula cha mchana bila kutetemeka. Mchana wa Machi theluji ya chini hulainika na kuwa nzito, kwa hiyo masomo yawe asubuhi.

Kalenda ya pili ni ya Hijria. Katika miaka hii Ramadhani imeingia ndani ya msimu wa theluji. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Kujifunza mchezo huu ukiwa na kiu, katika hewa kavu ya mlimani, ni mzigo nisioshauri. Mwaka ule Idi itaingia karibu na tarehe 10 Machi, na wiki inayofuata ni nzuri kabisa.

Kalenda ya tatu ni ya ubalozi. Viza ya Schengen unaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15. Ombi linakwenda kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege inatua Munich. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni euro 90. Nafasi za miadi ndizo zinazokwisha, hasa Novemba na Desemba. Kwa safari ya Machi, anza Septemba au Oktoba. Weka chumba kinachokubali kughairiwa bila makato mpaka viza itoke. Nimeona familia ikipoteza fedha ya nyumba ya wiki nzima kwa kuharakia punguzo dogo.

Pamoja na viza utatakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hapa naomba usome polepole. Bima inayokidhi ubalozi mara nyingi haigusi michezo ya majira ya baridi. Lazima uombe kipengele hicho kiongezwe, na uulize kwa maandishi kama inalipia uokoaji mlimani kwa helikopta. Austria, mtelezaji anayechukuliwa na helikopta anaweza kuletewa ankara ya maelfu ya euro. Italia, tangu Januari 2022, huruhusiwi kuteleza bila bima ya kumlipa mwingine utakayemgonga. Andika pia namba mbili kwenye simu yako: 112, ya dharura Ulaya nzima, na 140, ya waokoaji wa milima ya Austria.

Kuhusu fedha, pasi ya lifti ndiyo inayowakamata wengi. Katika maeneo makubwa ya Austria pasi ya siku moja ya mtu mzima imepita euro 70. Vail, Colorado, anayenunua dirishani siku yenyewe katika kilele cha msimu hulipa zaidi ya dola 300, na ndiyo maana wenyeji wa Marekani hununua pasi zao mapema, kabla msimu haujaanza. Lakini siku ya kwanza na ya pili hutapanda lifti kubwa hata moja. Utakuwa kwenye mteremko wa watoto, ukipandishwa na mkanda unaotembea chini kama mkeka, na sehemu nyingi mkeka huo ni bure au hulipiwa kwa bei ndogo. Waandikie shule ya skii uulize: siku ya kwanza nahitaji tiketi gani? Watakujibu. Fedha utakayookoa ipeleke kwa mwalimu. Masomo ya kundi, asubuhi tano mfululizo, ndiyo matumizi bora kuliko yote ya safari hii, na rafiki yako mpenzi hawezi kuyafidia. Rafiki anajua kuteleza. Mwalimu anajua kwa nini wewe huwezi.

Malazi nayachagua kwa miguu, yaani kwa umbali wa kutembea hadi shuleni. Mita 300 ni fupi ukiwa na raba. Ukiwa na buti za skii, skii begani na mtoto mkononi, ni safari.

Mavazi usiyanunue mapya. Kwetu Moshi wapo wanaokodisha makoti na suruali za wapanda mlima, na soko la Memorial, kama Gikomba kule Nairobi, hupokea mitumba ya skii ambayo wachuuzi wenyewe wanashangaa itavaliwa wapi. Tafuta koti na suruali visivyopitisha maji, glavu nene, na nguo za ndani za sufu au za michezo. Pamba iache, inashika jasho, kisha inapoa juu ya ngozi. Miwani ya theluji ni lazima, kwani theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayochoma, na macho huungua kabla hujahisi. Ngozi nyeusi nayo inaungua, hasa chini ya pua na kidevu ambako mwale unatoka chini. Chukua mafuta mengi kuliko unavyodhani.

Kina dada, pangeni nywele kabla ya safari. Helmeti haikai juu ya kilemba wala fundo la rasta utosini. Mistari iliyolala, ikimalizikia shingoni, inaingia vizuri, na hijabu nyepesi ya michezo inakaa chini ya helmeti bila tabu. Binamu yangu alikuja Kaprun na msuko mrefu aliokuwa ameulipia siku mbili kabla. Tulizunguka maduka matatu tukitafuta helmeti ya kumtosha, na asubuhi ya kwanza ikapita hivyo.

Na buti. Ningeweza kuandika sura nzima juu ya buti, kwa sababu ndizo zilizoniumiza. Skii haisikilizi akili yako wala mkono wako. Inasikiliza mfupa wa ugoko unavyoegemea ulimi wa buti. Kukiwa na nafasi ndani, unageuza mguu na skii haigeuki. Vaa soksi moja tu, ndefu na nyembamba. Ya pili huleta mikunjo na malengelenge. Saizi hupimwa kwa sentimita, urefu wa mguu wako. Ukisimama wima vidole viguse mbele. Ukikunja magoti kidogo virudi nyuma, na kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Itabana kama salamu ya mkono wa mtu mwenye nguvu, bila kuuma. Tembea nazo dukani dakika kumi na tano. Zikikuuma, zirudishe. Zikikulegea, zirudishe vilevile, hata foleni iwe ndefu namna gani. Kisha utaulizwa uzito, urefu, umri na uzoefu wako, kwa sababu vishikizi vinavyoishika buti kwenye skii hurekebishwa kwa hesabu hiyo ili vifyatuke unapoanguka. Taja uzito wako wa kweli. Ukiuficha, vishikizi vinaweza kukuachia usipotaka; ukijiita hodari ilhali unaanza, vinaweza kukataa kukuachia, na goti likalipa.

Wapo watakaotaka kuzimaliza siku hizo za kwanza karibu na nyumbani. Walioko Ghuba wana Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005 ndani ya Mall of the Emirates, ambako joto liko chini kidogo ya sifuri mwaka mzima na njia ndefu kuliko zote ina kama mita 400. Saa nne za mwalimu pale zinakufikisha Ulaya ukiwa umeshajua kusimama. Kusini mwa bara letu kuna Afriski, katika milima ya Maluti, Lesotho, juu ya mita 3,000, ambako msimu ni Juni hadi Agosti. Mteremko wake mkuu una urefu wa kama kilomita moja, na kwa anayeanza ni kilomita ya kutosha. Watoto wa Kenya wanakuwa likizo Agosti. Ningependa kuona mabasi ya shule zetu pale.

Siku ya kwanza Kaprun, mwalimu hakutuvalisha skii mbili. Alitupa moja, tukawa tunaisukuma kama mtoto anavyosukuma baiskeli kwa mguu mmoja, kushoto, halafu kulia. Baadaye akatufundisha kabari: ncha za mbele zikaribiane, mikia itanuke, na kadiri unavyoitanua ndivyo unavyopunguza mwendo. Binamu yangu alianguka mara kumi na moja asubuhi ile, alizihesabu mwenyewe. Mchana alitaka kuacha. "Kaka, mimi mtu wa Tanga, hii si yangu," aliniambia.

Nikamsimulia Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa Kenya aliyeiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996, alipopelekwa Finland kujifunza skii za nyanda, zile za masafa. Miaka miwili baadaye, Nagano, alishindana kilomita 10 na kumaliza wa mwisho, wa 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amevuka mstari kama dakika 20 kabla yake. Badala ya kwenda kupokea medali alibaki kwenye baridi akimsubiri, akamkumbatia. Boit alirudi kwenye Olimpiki ya 2002 na ya 2006, na mwanawe mmoja akampa jina la Daehlie. Nikamwongezea Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, akalelewa Austria, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya Pyeongchang katika skii za miteremko. Kilifi na Tanga ni bahari moja. Binamu alivaa glavu zake tena.

Siku ya pili ilikuwa ya kona. Uzito unauhamishia mguu wa nje, unatazama unakokwenda badala ya kutazama miguu, na skii zinafuata macho. Ilikuwa pia siku ya sheria. Shirikisho la kimataifa la skii lina kanuni kumi za mwenendo, na ninazozirudia kwa watu wangu ni tatu: aliye mbele na chini yako ana haki, nawe uliye juu ndiye wa kumkwepa; ukitaka kusimama, simama pembeni panapoonekana; ukimwona aliyeumia, msaidie. Lifti zikifungwa jioni, njia zinakuwa mali ya mashine za kusawazisha theluji, nyingine zikivutwa kwa waya usioonekana gizani. Shuka mapema. Na usitoke nje ya nguzo za alama kwa sababu umeona theluji safi isiyokanyagwa. Hatari ya maporomoko Ulaya hutangazwa kila siku kwa ngazi 1 hadi 5, na anayefukiwa ana dakika chache tu za kuchimbuliwa akiwa hai. Wanaokwenda huko hubeba kitoa ishara, koleo na fimbo ndefu ya kutafutia, na wamefunzwa kuvitumia. Wiki ya kwanza hilo si lako.

Usiku wa siku ya pili tulilala saa tatu. Nilikuwa nimeagiza hivyo tangu nyumbani, maana majeraha mengi niliyoyaona yalitokea mchana, miguu ikiwa imechoka na mtu anasema "mara moja ya mwisho". Mapaja ya binamu yalikuwa yamekaza kiasi cha kushuka ngazi kinyumenyume. Tulichemsha chai ya tangawizi, tukanyoosha misuli sakafuni, tukaanika glavu.

Siku ya tatu mwalimu alitupeleka kwenye lifti ya viti. Nilimsimulia binamu foleni ikisogea. Lifti ya kwanza ya aina hiyo ilijengwa mwaka 1936 huko Sun Valley, Idaho, na mhandisi wa reli aliyeibuni, Jim Curran, alikuwa amewahi kuona katika nchi za joto jinsi mikungu ya ndizi inavyopakiwa melini ikining'inia kwenye kulabu za waya unaotembea. Akaondoa mkungu, akaweka kiti. Sisi watu wa migomba tulikuwa na sehemu yetu katika mlima huu muda mrefu kabla hatujafika.

"Kwa hiyo mimi sasa ni mkungu," alisema binamu, akiwa ameshika fimbo zake mkono mmoja kama tulivyofundishwa. Kiti kikaja nyuma ya magoti yetu, tukakaa, akashusha nguzo ya kinga. Miguu ikaachana na ardhi. Chini yetu mkeka wa wanaoanza ulikuwa unapandisha kundi jipya la asubuhi, watu wazima sita waliosimama wameduwaa, mikono wameitanua, na mmoja wao akaanguka. Binamu aligeuka akamtazama hadi alipoinuka. Kisha akashusha miwani, kwa sababu kituo cha juu kilikuwa kinakaribia na ilibidi tuinue ncha za skii.